Magunia yalijaa mwezi wa saba, watoto wana njaa mwezi wa pili: nisaidieni kuelewa

Mwalimu Mstaafu (Mufindi, Iringa)

Ndugu zangu, salaam. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na tangu nistaafu ninaishi kijijini kwetu wilayani Mufindi, ambako ninalima kidogo, ninafuga kuku na nimepangisha vyumba viwili vya uani. Wapangaji wangu ni mume na mke ambao hawajafika miaka thelathini. Wana watoto wawili: wa kwanza ana miaka minne, wa pili ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mume anafanya kibarua cha kukata na kupakia miti, mke anachuma chai na kulipwa kwa kilo, na shamba lao la mahindi wanalilima siku ambazo wengine wanapumzika. Ni watu wa kazi, na mwezi wa saba mwaka jana niliwaona kwa macho yangu wakipanga magunia katika chumba cha mbele mpaka yakakaribia dirisha.

Sasa tuko mwezi wa pili. Kwa wiki tatu mfululizo yule wa miaka minne amekuwa akija jikoni kwetu mnamo saa nne asubuhi, anasimama mlangoni na kuuliza, "Babu, leo mmepika nini?" Nilidhani ni utundu wa umri wake, nikawa ninamtania. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba mtoto haondoki mpaka sufuria ya ugali wa jana ilowekwe, kwa sababu anasubiri ukoko. Wiki iliyopita mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipita nyumba kwa nyumba na utepe wake wa kupimia mkono, na mkono wa yule mdogo ukasoma njano. Usiku ule mama yao alimweleza mke wangu kwamba mahindi yalikwisha kabla ya Krismasi, kwamba wao wazazi wanakula jioni tu, na kwamba watoto wanaachiwa uji wa asubuhi ambao wanaumalizia mchana.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la mtu aliyefundisha jiografia kwa miaka mingi na kuwaambia wanafunzi kwamba Nyanda za Juu Kusini ndizo ghala la taifa. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, na katika mikoa ya Njombe na Rukwa ilikuwa nusu ya watoto, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Inawezekanaje mikoa inayolisha wengine ndiyo yenye watoto wa namna hiyo?

La pili linanihusu mimi binafsi. Mimi ni mwenye nyumba wao. Nikiwapelekea debe la mahindi mlangoni, nitakuwa nimewatangaza kwa majirani, na yule kijana ana heshima zake. Nikinyamaza, nitakuwa ninasikia swali la mtoto kila siku saa nne. Familia yenyewe ilihamia hapa juzi na ina watu wawili wenye nguvu, kwa hiyo haimo kwenye orodha ya kaya maskini zinazopata ruzuku ya TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Nifanyeje?

Afisa Lishe wa Halmashauri

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa lishe katika halmashauri mojawapo ya Nyanda za Juu Kusini, na naomba nianze na lile lisiloweza kusubiri. Utepe ule hupima mzunguko wa mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani, kuanzia 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni njano, na chini ya 11.5 ni nyekundu. Njano ni utapiamlo wa kadiri, na mtoto huyo apelekwe zahanati wiki hii akiwa na kadi yake ya kliniki, apimwe uzito na urefu, na aangaliwe kama ana malaria, minyoo au kuhara kunakojirudia. Mama naye afundishwe jambo moja la kufanya nyumbani: abonyeze kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto kwa sekunde tatu, na kama kishimo kitabaki, ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama utepe unasoma kijani, kwa sababu uvimbe huo ni dalili ya utapiamlo mkali, ule ambao wazee wanauita kwashakoo.

Kuhusu takwimu, udumavu na ukondefu ni mambo mawili tofauti. Ukondefu ndio unaoonwa na utepe. Unaweza kumpata mtoto katika wiki chache za njaa au za kuhara. Udumavu ni urefu usiolingana na umri, nao hujengeka polepole, kuanzia mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Katika utafiti huo uliouona, ukondefu kwa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 3 tu. Ndiyo maana mkoa wa Iringa hauonekani kuwa na njaa: watoto wake si wembamba, ni wafupi, na kwa kuwa zaidi ya nusu yao ni wafupi kwa pamoja, hakuna mzazi anayemtazama wa kwake akashtuka. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto ambaye mkono wake umefika njano katika eneo letu ananitia wasiwasi zaidi.

Nije kwenye uji. Mtoto wa kilo nane tumbo lake huchukua takriban mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja. Akiwa na umri kati ya mwaka mmoja na miwili, mbali na maziwa ya mama anahitaji kama kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kikombe cha uji mwepesi uliopikwa kwa vijiko viwili vya unga hutoa kama kilokalori 70, kwa hiyo angelazimika kunywa vikombe karibu vinane, jambo ambalo haliwezekani. Atashiba maji, atalala, na mama atasema kwa ukweli kabisa kwamba mtoto amekula akashiba. Uji wa mtoto unapaswa kuwa mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka, uongezwe kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa, maziwa au yai, na apewe mara tatu hadi nne kwa siku pamoja na asusa moja au mbili, kwa mfano kipande cha parachichi, ambalo huku kwetu linapakiwa kwenda Ulaya huku watoto wa mkulima wakila ugali na chumvi. Mama aendelee kumnyonyesha mpaka atimize miaka miwili au zaidi.

Mama Wawili (Makambako)

Mwalimu, shikamoo. Dada wa lishe, nakushukuru, na yote uliyoyasema niliyasikia kliniki nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza, tena yamebandikwa ukutani kwa picha nzuri. Ila naomba nieleze kwa nini uji wa mama huyo ni mwepesi, kwa sababu nimewahi kuupika mwenyewe kwa miaka mitatu nilipokuwa nikifanya kibarua mashambani.

Uji mzito hautoki kwenye chupa ya chai. Mimi nilikuwa ninaamka saa kumi usiku, ninapika, ninautia kwenye chupa, na saa kumi na moja na nusu niko barabarani ninasubiri gari la vibarua. Anayebaki kumlisha mtoto ni bibi wa jirani au mtoto mwingine wa miaka saba au minane. Ukiupika uji ukawa mzito kama dada anavyotaka, ikifika saa tano umeganda ndani ya chupa, mlezi anaitikisa, haumwagiki, anaifunga na kuiacha. Nilirudi jioni mara mbili nikakuta chupa imejaa kama nilivyoiacha na mtoto amelala sakafuni. Tangu siku hiyo nikawa ninapika ule unaomiminika, nikijua kabisa kwamba ni maji. Mlezi mwenyewe akiwa mtoto, huwezi kumwambia awashe moto.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukiuliza njaa ya watoto hawa inatoka wapi, mimi nitakuuliza chakula kinapikwa saa ngapi na nani yupo. Watu wazima wanaweza kula ugali saa mbili usiku wakasubiri mpaka kesho usiku, na ndivyo tulivyofanya. Mtoto wa mwaka mmoja ratiba hiyo inamkausha hata kama chungu cha usiku kimejaa, kwa sababu saa mbili usiku yeye ameshalala, na ukimwamsha anakula matonge matatu anasinzia. Wakati mahindi yapo, tatizo hili halionekani sana kwa kuwa kunakuwa na kiporo cha asubuhi, viazi vya kuchemsha na makande ya mchana. Mahindi yakiisha, kiporo ndicho kinachopotea kwanza.

Nina neno pia kuhusu ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na ndio msimu huo huo ghala linakuwa tupu. Sisi wenyewe tukiwa wadogo tulipewa ule mtamu uliogemwa siku hiyo ili tutulie wazazi wanapopalilia. Bado wapo wanaofanya hivyo, nao hawafanyi kwa ukatili. Wanatafuta kitu cha kujaza tumbo la mtoto.

Msema Kweli

Naona mnazunguka. Wanaume wanauza mahindi yote mwezi wa nane, wananunua pikipiki, halafu mke ndiye anayeulizwa watoto wamekula nini. Huyo mpangaji aulizwe magunia yalikwenda wapi.

Mkazi wa Ganze (Kilifi, Kenya)

Hamjambo nyote. Ninasoma mjadala huu nikiwa Ganze, kaunti ya Kilifi, na nimeona nichangie kwa sababu sisi nasi tumewekwa kwenye orodha kama hiyo ya Mwalimu. Katika utafiti wa Kenya wa mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na Kilifi ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 37. Lakini huku hakuna ghala lililojaa kisha likauzwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo; watu walipanda, mbegu ikaoza au ikakauka, wakakopa wakapanda tena. Mwenzetu anapozungumzia kijiko cha mafuta na yai kwenye uji, ninamheshimu kwa elimu yake, ila elimu hiyo haijazi sufuria. Kuna wakati mama anajua kila kitu kinachotakiwa na hana hata kimoja.

Kipindi hicho niliajiriwa kwa muda kukusanya majibu ya kaya. Baadhi ya maswali yalifanana na yale manane yanayotumiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kupima uhaba wa chakula, ambayo yamepangwa kama ngazi: kwanza unaulizwa kama ulikuwa na wasiwasi kwamba chakula kitakwisha, kisha kama mlishindwa kula chakula bora, kama mlikula vyakula vya aina chache tu, kama mliruka mlo, mpaka unafika kwenye swali la kukaa kutwa nzima bila kula. Nilichojifunza ni kwamba akina mama walijibu maswali kuhusu nafsi zao bila taabu. "Mimi sikula jana, na juzi sikula." Swali likimgusa mtoto, mdomo unafungwa. Hakuna mama aliyetaka mgeni mwenye karatasi aandike kwamba mtoto wake alilala na njaa. Nikawa ninatazama uchaga wa vyombo: saa sita mchana, katika nyumba yenye watoto watano, sufuria ni kavu na sahani zina vumbi, na mwenye nyumba ananiambia wamekwisha kula.

Ninaleta habari hii kwa sababu ya swali lako la pili, Mwalimu. Huyo mama alipomwambia mke wako kwamba wao wanakula jioni tu, alikuwa amekwisha kuruka ngazi nyingi za aibu, kwa hiyo ninyi si watu wa nje tena. Wazazi wote wawili wamekwisha kujinyima ili watoto wapate ule uji, na mtoto mdogo amepungua hata hivyo. Kinachofuata katika ngazi ile hakihitaji kusubiriwa.

Mnunuzi wa Nafaka

Mimi ni mmoja wa wale wanaolaumiwa, na sitajitetea sana. Nimenunua mahindi Mufindi, Njombe na Songea kwa miaka kumi na miwili, na ninaweza kumjibu Mwalimu swali lake la kwanza kwa hesabu ambayo kila mnunuzi anaijua kichwani.

Gunia lina debe sita. Kaya ya watu wazima wawili na watoto wadogo wawili au watatu, ikila ugali kila siku, inamaliza debe moja kwa wiki moja na kidogo, yaani debe nne kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni magunia manane. Mwenye kuvuna magunia 12 ana ziada ya manne. Lakini hauzi manne. Anavuna mwezi wa saba, na mwezi huo huo kila mtu anavuna, bei iko chini kabisa, na madeni yote yamepangwa kulipwa wakati huo: mbolea, mashine, duka, mchango wa msiba. Deni ni la fedha, kwa hiyo bei ikiwa ndogo anatoa magunia mengi zaidi kulipa kiasi kile kile. Halafu ipo lumbesa, ambapo gunia linashonewa kilemba juu na kubeba debe nane kwa bei ya sita. Serikali imeipiga marufuku miaka yote, nasi tumekuwa tukiifunga miaka yote.

Baya zaidi ni la mwezi wa pili na wa tatu, yaani sasa hivi. Mwenye njaa anakuja kwako anaomba fedha ya debe mbili, na anakuahidi gunia zima mwezi wa saba. Mahindi yako shambani, hayajatoa hata mbelewele, na tayari si yake. Nimefanya biashara hiyo kwa misimu miwili nikaiacha, kwa sababu msimu wa pili niliwakuta watu wale wale, wakiwa na deni kubwa kuliko la mwanzo. Mtu akiingia humo, mavuno mazuri hayamtoi, kwa kuwa sehemu ya mavuno imekwisha kuliwa mwaka uliopita. Bwana Msema Kweli, pikipiki zipo, sikatai, lakini wengi ninaowajua mimi hawajanunua hata baiskeli.

Ushauri wangu ni kwamba wapangaji wako wasikope mahindi ya shambani kwa mtu yeyote mwezi huu, hata kama wewe ndiye utakayewakopesha chakula kwa masharti mepesi. Ikifika mwezi wa saba, mahindi ya kula yatengwe kwanza kabla ya mdai yeyote kuingia uani, na yawekwe kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wengi huuza haraka pia kwa kuogopa dumuzi, yule mdudu ambaye watu wa Tabora walimpa jina la Scania kwa jinsi alivyokuwa akimaliza ghala. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri anakufa kwa kukosa hewa, wala hakuna haja ya dawa.

Afisa Lishe wa Halmashauri

Ndugu wa Ganze, nimekupokea, na kwa Mama Wawili nina deni la shukrani, kwa sababu kwa miaka sita nimefundisha habari ya uji mzito na sikuwahi kuuliza unatokaje kwenye chupa. Kuna njia ya zamani inayofaa hapo, nayo ni kimea. Chukua ulezi, uloweke, uache uchipue kwa siku mbili au tatu, uanike ukauke kabisa, uondoe mizizi na machipukizi, kisha usage. Pika uji mzito kama kawaida, uepue upoe kidogo mpaka uwe wa vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji ule ule unakuwa mwepesi wa kumiminika bila kuongezwa maji, na nguvu yake yote imo. Uchemshe tena kidogo kwa usafi, kisha utie kwenye chupa. Ukitumia mtama badala ya ulezi, usizembee kuondoa machipukizi, kwa kuwa yana sumu.

Mwalimu, uliza pia kwa mtendaji wa kijiji tarehe ya siku ya afya na lishe ya kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, ili mtoto apimwe pamoja na wengine bila kuonekana kwamba ameitwa peke yake.

Mwalimu Mstaafu (Mufindi, Iringa)

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu. Ni wiki ya tano sasa.

Tulimpeleka mtoto zahanati siku ya tatu baada ya kuwasoma. Hakuwa na malaria, ila alikuwa na minyoo na alikuwa amekuwa akiharisha kwa wiki mbili bila mtu kutuambia. Amepewa dawa na ratiba ya kurudi kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu magunia, nilimuuliza baba yao tulipokuwa wawili tukitengeneza banda la kuku, kwa maana swali kama hilo huwezi kumuuliza mwanamume mbele ya mke wake. Alivuna 12. Matano yalikwenda kwenye deni la mbolea na palizi, mawili yakauzwa mama mkwe alipolazwa, moja likaliwa na wageni wa msiba wa mama mkwe huyo. Yalibaki manne. Kwa hesabu ya Mnunuzi hapo juu ni debe 24, yaani miezi sita tangu mwezi wa saba, na kweli yalikwisha wiki ya Krismasi. Hakukuwa na pikipiki. Na ndiyo, alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu kuhusu kuuza magunia mawili yaliyoko shambani. Nimemwomba asubiri.

La heshima lilijitatua kwa njia ambayo sikuifikiria. Mke wangu alimwambia mama yule kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kufua siku za Jumapili kwa sababu mgongo unamsumbua, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kwa kubadilishana naye atakaa na watoto siku za kazi. Watoto sasa wanashinda kwetu. Uji unapikwa saa mbili na saa nane, mzito, hauingii kwenye chupa yoyote, na mayai yapo. Kijana naye alijenga banda upya, na nilimlipa kwa debe za mahindi kama ambavyo ningemlipa fundi mwingine. Hakuna aliyepita barabarani akiwa amebeba msaada kichwani.

Mkono wa mdogo ulipimwa juzi ukasoma 12.7. Ni kijani, ingawa mhudumu wa afya alituonya kwamba urefu wake ni habari nyingine, na kwenye kadi yuko chini ya mstari. Hilo halirudi kwa wiki tano. Yule mkubwa bado anauliza tumepika nini, ila sasa anauliza akiwa ameketi.

Kwa mwezi wa saba tumekubaliana kwamba debe 48 zitahesabiwa na mama, zitafungwa na mama, na zitakaa katika chumba changu cha vitabu ambacho hakina mdai. Nimenunua mifuko minane. Nina wasiwasi mmoja tu: huku kwetu mwezi wa saba kuna ukungu na baridi, mahindi hayakauki haraka, na sitaki tufunge unyevu ndani ya mfuko. Nitajuaje kwamba yamekauka vya kutosha bila kipimo cha kununua?

Afisa Lishe wa Halmashauri

Mwalimu, ni swali zuri, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa yanaota ukungu unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na watoto wadogo ndio wanaodhurika haraka.

Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Tia chumvi kavu vijiko viwili vya chakula, kisha jaza mahindi mpaka robo ya chupa. Funga, itikise kwa dakika mbili au tatu, na uiache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisheni mahindi juani, juu ya turubai na si ardhini. Chumvi ikishuka yote chini, mama anaweza kufunga mifuko yake.